Kabla ya kuhamia Ujerumani: tunapima nchi, nani anapima jimbo na mji?

NYEGEZI KWETU (mleta uzi)

Wana jukwaa, habari za leo. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 36, ninaishi Nyegezi hapa Mwanza pamoja na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, na watoto wetu wawili: wa kwanza ana miaka tisa na yuko darasa la tatu, wa pili ana miaka mitatu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikisoma Kijerumani baada ya zamu, na sasa nimefaulu mtihani wa ngazi ya B2, ambayo kwa kawaida ndiyo inayotakiwa ili cheti cha muuguzi kitambuliwe kule. Nimepata barua mbili za ajira. Ya kwanza imetoka hospitali moja ya Würzburg, jimbo la Bavaria. Ya pili imetoka hospitali ya mji mdogo wa jimbo la Saksonia, mwendo mfupi kwa treni kutoka Chemnitz. Mishahara inakaribiana kiasi kwamba si jambo la kuamulia.

Kila ninayemweleza habari hii huniuliza kama Ujerumani ni kuzuri, nami sina la kumjibu. Mtu akiuliza kama Tanzania ni kuzuri, yeyote kati yetu atamwuliza kwanza anakwenda wapi, kwa kuwa muuguzi aliyepangwa kisiwani Ukerewe na mwenzake aliyepangwa Moshi mjini hawaishi maisha ya namna moja. Tena hapa kwetu, mtoto akihama kutoka Igoma kwenda Mtwara atakuta mtaala ule ule na mtihani ule ule wa taifa. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, na kila jimbo lina bunge lake, polisi wake, ofisi yake ya kutambua vyeti vya wauguzi wa kigeni na, lililo kubwa kwangu, sheria zake za shule. Anayehama ana maamuzi matatu ya kufanya, la nchi, la jimbo na la mji, na wengi wetu huishia kwenye la kwanza.

Naanza na siasa, kwa sababu ndiyo inayowatia ndugu zangu hofu. Katika uchaguzi wa bunge la shirikisho wa Februari 2025, chama cha AfD, ambacho kinataka uhamiaji ubanwe sana, kilipata takribani asilimia 37 ya kura katika Saksonia na kuongoza jimbo hilo. Katika Bavaria kilipata asilimia 19, na Berlin asilimia 15. Sitaki kumhukumu mtu kwa kura ya jirani yake. Hata hivyo, mgeni asiye raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya hapigi kura kule, hata ya diwani, kwa hiyo kwa miaka ya mwanzo nitaishi chini ya viongozi ambao sina namna ya kuwachagua wala kuwaondoa. Uraia wenyewe, kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 27, 2024, unaweza kuombwa baada ya miaka mitano badala ya minane, na Ujerumani haimtaki tena mwombaji aukane uraia wake wa awali. Lakini Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na siku nitakayopata kura ya kule nitakuwa nimeipoteza ya hapa. Basi ninaona ni haki yangu kujua watu nitakaokaa nao wananionaje kabla sijapanda ndege.

Lakini nilipoendelea kusoma, nilikuta kwamba tofauti itakayoigusa nyumba yangu kila siku haimo katika takwimu za uchaguzi. Imo shuleni. Katika Bavaria watoto hugawanywa baada ya darasa la nne, na kugawanywa huko hutegemea cheti kinachotolewa mwezi Mei, ambamo hukokotolewa wastani wa Kijerumani, hisabati na maarifa ya jamii na mazingira. Alama bora ni 1. Mwenye wastani wa 2.33 au bora zaidi huenda gimnazia, ambayo ndiyo njia iliyonyooka ya chuo kikuu, mwenye 2.66 huenda shule ya kati. Waliobaki huenda aina ya tatu, inayoelekea zaidi kwenye ufundi. Mwanangu ni mtoto mwepesi wa kuelewa, lakini angefika akiwa na miaka tisa bila neno la Kijerumani, na mwaka mmoja baadaye angepimwa kwa lugha hiyo pamoja na watoto walioinyonya kwa mama zao. Saksonia nako hugawanya baada ya darasa la nne. Berlin na Brandenburg husubiri hadi darasa la sita. Miaka miwili kwa mtoto anayejifunza lugha ni mingi mno, nami sijaona wakala hata mmoja wa ajira anayeitaja.

Halafu yupo mdogo. Sheria ya shirikisho inampa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya nafasi ya malezi ya mchana, lakini saa na ada hutofautiana. Upande wa mashariki, iliko Saksonia, kwa kuwa dola ya zamani ya kikomunisti ilitaka akina mama wote wafanye kazi, desturi ya chekechea ya siku nzima imebaki hadi leo, na nyingi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile ambayo zamu yangu ingeanza. Bavaria ni mahali ambapo kwa muda mrefu mama wa mtoto mdogo alitarajiwa kuwa nyumbani mchana, na saa za kufungua zinafuata mazoea hayo. Hapo ndipo ninapokwama: jimbo linalonitia wasiwasi kwa kura zake ndilo lililojipanga vizuri zaidi kwa mama mwenye kazi ya zamu.

Würzburg nayo ina mvuto wa pekee kwa mtu wa hapa, kwa kuwa ni mji dada wa Mwanza tangu mwaka 1966. Uhusiano huo umepitia hospitali, shule na parokia kwa miongo kadhaa. Ni mji alimogundulia Röntgen miale ya eksirei mwaka 1895, jambo ambalo kwangu, niliyeshika filamu za vifua vya wagonjwa kwa miaka kumi na miwili, si dogo. Lakini mapatano ya miji miwili hayamlazimu mwenye nyumba kunipangisha.

Naomba mawazo ya waliokaa kule, na ya wasiokaa pia.

LEIPZIG KUSINI

Dada, pole na majukumu. Nimeishi Leipzig miaka saba, nilikuja kusoma na sasa ninafanya kazi. Takwimu ulizozitaja ni za kweli, lakini umefanya kwa jimbo kosa lile lile ulilowakataza watu kulifanya kwa nchi. Saksonia si moja. Katika uchaguzi wa bunge la jimbo wa Septemba 2024, wakati AfD ilipopata zaidi ya asilimia 30, chama cha mrengo wa kushoto, Die Linke, kilishinda viti viwili vya moja kwa moja, vyote vikiwa ndani ya Leipzig, na viti hivyo ndivyo vilivyokiokoa kisiondoke bungeni. Mimi hapa ninapanda tramu usiku bila hofu na majirani zangu wamenialika harusini. Ninaposafiri kwenda baadhi ya miji midogo, hali hubadilika: watu hunitazama kwa muda mrefu, na mara mbili nimetukanwa kituoni. Sijapigwa. Ninakueleza yote mawili kwa kuwa mwenye watoto anahitaji kuyasikia yote mawili.

Tazama maisha ya Karamba Diaby. Alizaliwa Senegal, akaja Ujerumani Mashariki mwaka 1985 kusoma, akaanza na Kijerumani hapa Leipzig, kisha akasomea kemia katika mji wa Halle na kubaki huko. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 2021 watu wa Halle walimpa kura nyingi kuliko wagombea wote wa jimbo lake la uchaguzi. Ofisi yake ya Halle ilipigwa risasi mwaka 2020, ikachomwa moto mwaka 2023, na mwaka 2024 alitangaza kwamba hatagombea tena. Waliompa kura na waliomchomea ofisi wanatembea katika barabara zile zile. Anayekwambia mashariki hakukaliki amesahau nusu ya habari hiyo, na anayekwambia hakuna shida amesahau nusu nyingine.

Wala usidhani magharibi kuko salama kwa sababu ni magharibi. Mauaji ya Solingen ya mwaka 1993, nyumba ya familia ya Kituruki ilipochomwa moto, yalitokea magharibi. Hanau, ambako watu tisa wenye asili ya kigeni waliuawa Februari 2020, iko katika jimbo la Hesse, na kutoka Würzburg si mbali.

Swali la kuwauliza hao wa mji mdogo ni hili: wauguzi wangapi wa kigeni waliajiriwa kabla yako, na wangapi bado wapo? Wakikupa simu ya mmoja wao uzungumze naye, ni dalili njema.

MZEE WA KIRUMBA

Mwangaluka, binti yangu. Nimesoma maneno yako nikamkumbuka kaka yangu marehemu, aliyepelekwa Leipzig miaka ya sitini kusomea uhandisi. Alijifunza lugha katika Taasisi ya Herder, ambako wanafunzi wa mataifa mengi walipitishwa kabla ya kupelekwa vyuoni. Alirudi akisema watu walimpokea vizuri, ila hakuruhusiwa kuzoeana nao sana.

Ninyi vijana hamkuuona wakati ambapo Ujerumani mbili ziligombea hata hapa kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, upande wa mashariki ulijenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani, na baada ya Muungano upande wa magharibi haukukubali wenzao wawe na ubalozi kwetu. Mwaka 1965 serikali ya magharibi, iliyokuwa na makao yake Bonn, iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Mwaka uliofuata ndipo Mwanza na Würzburg zilipopatana. Jambo hilo hunigusa kila nipitapo pale chini kwenye Jiwe la Bismarck, lenye jina la chansela wa zamani wa Ujerumani: serikali zilikuwa zimenuniana, na miji ikapeana mikono.

Ninalotaka kukueleza ni chanzo cha uchungu wa ile miji midogo. Nchi zilipoungana mwaka 1990, viwanda vya mashariki vilifungwa kwa wingi. Wafanyakazi waliotoka Msumbiji na Angola walirudishwa kwao, wengi wakidai fedha zao hadi leo, lakini wenyeji nao walipoteza kazi. Vijana wakaenda magharibi, wasichana wakiwa wengi zaidi, na wazee wakabaki. Sasa tazama: mji ambao vijana wake wameondoka ndio unaokosa wauguzi, na ndio huo huo ulio na kinyongo na dunia iliyouacha nyuma. Sababu iliyokuletea barua ya kazi na sababu ya kura zile ni moja. Utakuwa ukimwogesha mzee ambaye mjukuu wake alipaswa kuwa mahali pako, na yeye analijua hilo. Wengine watakupenda kwa sababu hiyo. Wengine hawatakusamehe.

MAMA WA MTO MAIN

Dada Nyegezi Kwetu, mimi ni mwenyeji wa Sengerema, nimeolewa huku, na kwa miaka kumi na moja nimeishi karibu na Würzburg. Naomba nikusahihishe katika habari ya shule, kwa sababu hofu yako ni kubwa kuliko inavyostahili. Bavaria ina kifungu kwa watoto ambao Kijerumani si lugha yao ya mama na ambao hawakuanza darasa la kwanza katika shule ya Ujerumani: wanaweza kukubaliwa gimnazia hata kwa wastani wa hadi 3.33, ikiwa walimu wataona kwamba alama imeshuka kwa ajili ya lugha na kwamba udhaifu huo unaweza kuondoka. Tena njia hazijafungwa. Mtoto anaweza kuhama kutoka aina moja ya shule kwenda nyingine baadaye. Mwanangu wa kambo alianzia ile ya chini kabisa na sasa yuko chuo cha uhandisi. Lakini kifungu hicho hakuna atakayekuja kukugongea mlango akueleze. Wewe ndiye utakayekwenda kwa mwalimu wa darasa mwezi wa Oktoba, ukae, uulize, uandike.

Jambo jingine ambalo watu wa parokia zetu huja kushtuka nalo ni kodi ya kanisa. Ukifika utajiandikisha ofisi ya mji, na utaulizwa dini yako. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, makato yataanza kwenye mshahara wako: kiasi cha asilimia 8 ya kodi yako ya mapato hapa Bavaria na Baden-Württemberg, asilimia 9 katika majimbo mengine. Si asilimia ya mshahara, ni ya kodi. Mimi ninalipa kwa moyo mweupe, lakini nilitaka ulijue kabla.

Kuhusu watu: hawa ni Wafranken, na ukiwaita Wabavaria watakukosoa kwa heshima, kwa maana waliingizwa Bavaria mwanzoni mwa karne ya 19 na hawajasahau. Lafudhi yao haifanani na kanda ulizosikiliza darasani. Wodini, miezi mitatu ya kwanza, utadhani hukusoma kitu. Nyumba ya kupanga ndiyo shida kubwa. Nilipiga simu kwa wenye nyumba wengi ambao nafasi "ilikuwa imejaa" mara tu waliposikia jina langu. Mwisho alinipangisha mama mmoja aliyewahi kufundisha Mwanza kwa miaka miwili. Kwa hiyo usiyadharau mapatano ya miji.

MWALIMU IGOMA

Mimi naona mnaizungusha mada. Mshahara wa muuguzi hapa tunaujua, na kazi kule ipo. Nenda mahali pa kwanza patakapokupokea, kaa miaka miwili, kisha uhame jimbo. Wajerumani wenyewe wanahama. Na kama siasa inakusumbua, tafuta kazi Berlin: wana mtaa uliopewa jina la mwanasiasa wetu Lucy Lameck tangu mwaka 2021, na mwaka 2024 wakaita barabara nyingine Maji-Maji. Chekechea ni bure tangu mwaka 2018. Unataka nini zaidi?

NYEGEZI KWETU (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, ya pili nikimsomea mume wangu kwa sauti, na baada ya hapo hatukuzungumza kwa muda.

Mwalimu Igoma, nakuheshimu, ila sikubaliani nawe. Jina la barabara lina maana kwangu, na nilifarijika sana Rais Steinmeier alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba radhi kwa niaba ya nchi yake kwa ukatili wa enzi ya ukoloni. Lakini Berlin sina barua ya ajira, na nyumba kule, kwa maelezo ya kila aliyeko huko, hazipatikani. Kuhusu kuhama baada ya miaka miwili, isome mikataba: mingi inamtaka muuguzi arudishe gharama za mafunzo akiondoka mapema. Nami siwezi kumng'oa mtoto mara mbili ndani ya miaka mitatu, amfunze mwalimu huyu kisha yule, aache marafiki hawa kisha wale. Mtu asiye na watoto anaweza kuufuata ushauri wako bila madhara.

Lipo ambalo sikuliandika mwanzoni. Mume wangu anafundisha Jiografia na Kiswahili. Utambuzi wa walimu nao ni wa kila jimbo peke yake, na kwa kawaida mwalimu anatakiwa awe na masomo mawili yanayofundishwa katika shule zao. Kiswahili hakimo. Kwa maana hiyo, popote tutakapokwenda, yeye ndiye atakayepoteza zaidi, walau kwa miaka ya mwanzo, na amekubali. Mtu aliyekubali kupoteza kiasi hicho nisimpeleke mahali atakapokaa nyumbani peke yake akiogopa kutoka jioni. Hesabu ya chekechea na zamu nilikuwa nimeifanya kama mama tu. Sasa naifanya tena nikimweka yeye ndani: kama atakuwa nyumbani mwaka wa kwanza akisoma lugha, yeye ndiye atakayempeleka mdogo asubuhi, na saa ya chekechea kufunguliwa haitakuwa kikwazo kikubwa kama nilivyodhani.

Mama wa Mto Main, asante sana kwa habari ya 3.33. Nimeitafuta, nimeiona, nimeiandika katika daftari la mtoto. Nimekusudia pia kuomba aanze tena darasa la tatu badala ya kuingia la nne, apate karibu miaka miwili kabla ya cheti cha Mei.

Moyo wangu umeelemea Würzburg, nakiri. Hata hivyo barua ya Saksonia bado ina wiki tatu kabla muda wake haujaisha, na wale watu wameniandikia kwa adabu kubwa kuliko wa Würzburg, wakanipa na simu ya muuguzi Mkenya aliyeko kwao tangu mwaka 2022, ambaye nitazungumza naye Jumapili baada ya misa. Leipzig Kusini naye amenikubalia kupanda treni Jumamosi aende kuuona mji huo kwa niaba yangu. Nimemwomba jambo moja: atembee kwa miguu kutoka kituoni hadi kwenye shule ya msingi giza linapoingia, kisha aniambie alijisikiaje.